Je, Muuzaji Alitukatia Vipindi vya Msimu wa Pili?

SWALI

Mhariri, shikamoo. Mimi na mdogo wangu, hapa Mikindani, tulinunua kwa muuzaji mmoja wa mjini Mtwara DVD za Heroes, ile tamthilia ya Kimarekani ya watu wa kawaida wanaojigundua kuwa na nguvu za ajabu. Msimu wa kwanza, wenye vipindi 23, ulitukosesha usingizi. Wa pili una vipindi 11 tu, mambo yanakwenda kwa kusuasua, na kile kirusi kilichotabiriwa kuua asilimia 93 ya watu duniani kinamalizwa kwa dakika chache. Mdogo wangu anaamini tumepunjwa. Je, ni kweli? Na tununue msimu wa tatu?

Msomaji, Mikindani

JIBU

Marahaba, ndugu msomaji. Muuzaji hana kosa. Vipindi 11 ndivyo vyote vilivyotengenezwa. Msimu huo ulianza kuonyeshwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, Septemba 2007, ukikusudiwa kuwa mrefu kama wa kwanza, lakini tarehe 5 Novemba waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, wakidai pamoja na mengine sehemu ya mapato ya kazi zao zinazosambazwa kwa intaneti, na mgomo huo haukuisha hadi Februari 2008. Kipindi cha 11 kikalazimika kufunga msimu. Katika mwisho uliopigwa awali, chupa ya kirusi inaanguka na kupasuka, na sehemu iliyofuata ingesimulia maradhi yakienea. Mwisho huo ukabadilishwa, Peter Petrelli, mmoja wa mashujaa wakuu, akaiwahi chupa na kuiteketeza. Ndiyo maana mliona jambo kubwa likizimwa ghafla.

Hata hivyo siwezi kuutupia mgomo lawama zote, kwa kuwa vipindi vilivyowachosha viliandikwa kabla haujaanza. Muasisi wa tamthilia, Tim Kring, alikiri hadharani Novemba hiyohiyo kwamba mwendo ulikuwa wa polepole mno na kwamba Hiro, shujaa anayesafiri katika wakati, alikawizwa Japani ya mwaka 1671 kupita kiasi. Nakubaliana naye, ila naona tatizo lina mzizi wa ndani zaidi.

Katika msimu wa kwanza, mchoraji Isaac Mendez aliiona New York ikilipuka tangu mwanzo, nasi tukaujua msiba unaotusubiri; kila mhusika aliyekutana na mwenzake alikuwa ama anausogeza ama anauzuia. Msimu ulipokwisha, Peter, ambaye huchukua nguvu za kila mwenye nguvu anayemkaribia, alikuwa amekuwa mtu asiyeshindika. Tazameni basi waandishi walivyomfanya: anakutwa ndani ya kontena huko Cork, Ireland, amefungwa pingu, wala jina lake halijui. Mkasa huo haukuzaliwa na hadithi. Uliletwa kwa sababu Peter mwenye kumbukumbu zake zote angemaliza kila tatizo kabla ya kipindi cha tatu. Hiro naye, anayeweza kusimamisha wakati na kurudi nyuma kufuta maafa yoyote, akapelekwa karne nyingi mbali na wenzake, akaachwa huko mpaka msimu ukapita nusu. Nampenda Hiro kuliko wahusika wote, na iliniuma kumwona akitumiwa hivyo. Mtazamaji anaacha kuogopa anapojua kwamba shujaa anaweza yote, na hofu ndiyo iliyokuwa ikiwakesheza ninyi wawili.

Kuhusu msimu wa tatu, ushauri wangu ni kuuacha. Una vipindi 25, na kwa maoni yangu unalizidisha tatizo lilelile, maana sasa ipo fomula ambayo mtu wa kawaida, akiwemo yule mwanasayansi Mohinder, anajidunga na kupata nguvu. Lipo jambo moja jema: Peter ananyang'anywa nguvu zake zote, na baadaye anabaki na uwezo wa kushika moja tu kwa wakati mmoja, jambo linalonishawishi kwamba waandishi wenyewe walikuwa wameliona kosa. Lakini walichelewa, baada ya msimu wa nne tamthilia ilikoma Februari 2010. Mkiona bado mnatamani kujua yaliyompata Peter, azimeni kwa jirani msimu huo wa tatu mtazame nusu yake ya pili, na fedha zenu zitafutieni tamthilia nyingine.