Jibu: Kuanza kuendesha gari la tanga ufukweni De Panne

Ndugu yangu, nimekuelewa: umehamia Ubelgiji, umeyaona magari ya tanga yenye magurudumu matatu ufukweni De Panne, nawe unatamani kujifunza ilhali hujawahi kushika tanga na unaogopa kupinduka.

Usinunue chombo kwanza; nenda klabuni upewe somo, gari na helmeti, nawe uongeze glavu, miwani ya kuzuia mchanga na viatu vya kufunika mguu. Utakaa chini sana, karibu ugusane na mchanga, gurudumu la mbele ukiligeuza kwa miguu na demani, yaani kamba ya tanga, ikiwa mkononi. Demani ndiyo ya kuzoea kuliko yote, kwa sababu magari mengi ya kujifunzia hayana breki: ukiivuta unaongeza mwendo, na ukitaka kusimama unailegeza huku ukigeuza omo, yaani pua ya gari, kuukabili upepo. Gurudumu la nyuma likiinuka, legeza papo hapo. Usitoe kamwe mkono wala mguu nje ili kujizuia, maana unaweza kuvunjika. Mimi siku ya kwanza niliing'ang'ania kamba kwa hofu, na gari likalala ubavu.

Nenda maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, na mkikutana uso kwa uso kila mmoja apishe kulia. Kasi usiidharau: mwaka 2009 Mwingereza Richard Jenkins alifikia kilomita 202.9 kwa saa kwa gari la tanga kwenye ziwa kavu la Ivanpah, Marekani.

Kama una tatizo la mgongo au shingo, muone daktari kabla ya kujiandikisha.