Uliza Tukujibu: Langston alichaguliwa mwaka gani?

SWALI: Assalamu alaikum, wahariri. Wanafunzi wangu wanatengeneza bango la ukutani kuhusu John Mercer Langston, mwanasiasa mweusi wa Marekani. Kitabu kimoja kinasema alichaguliwa karani 1855, kingine kinataja 1888, cha tatu 1890. Tufuate kipi? Na karani huchaguliwaje, ilhali kwetu karani huajiriwa?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Waalaikum salaam, Mwalimu. Miaka yote mitatu ni sahihi. Utata unakuja inapobandikwa yote chini ya neno “alichaguliwa”.

1855 ndipo alipochaguliwa karani wa Brownhelm, eneo la mashamba katika kaunti ya Lorain, jimbo la Ohio. Huko karani alipigiwa kura, kama tunavyompigia mwakilishi wa wadi. Tena kwa sheria ya jimbo alikuwa pia karani wa bodi ya elimu, kwa hiyo siasa na shule zilimfikia kwa mpigo mmoja.

Wanafunzi watauliza: katiba ya Ohio ya 1851 iliwapa kura wanaume weupe tu, sasa yeye alipitaje? Babake, Ralph Quarles, alikuwa mzungu mwenye shamba Virginia. Mamake, Lucy Langston, mwenye damu ya mchanganyiko, aliwahi kuwa mtumwa wake. Mahakama ya juu ya Ohio iliamua 1842 kwamba mwenye damu ya kizungu zaidi ya nusu ahesabiwe mweupe. Kwa kipimo hicho Langston alihesabiwa mweupe, ndipo akakubaliwa kuwa wakili, 1854. Amehitimu Chuo cha Oberlin 1849, shule za sheria zimemkataa, amejisomea sheria kwa Philemon Bliss mjini Elyria, na bado anapimwa damu! Hilo lisikose kwenye bango.

Novemba 1888 aligombea ubunge wa taifa huko Virginia, akatangazwa ameshindwa kwa kura 641. Alipinga matokeo: katika mji wa Petersburg wapiga kura weusi walipangwa foleni yao peke yao, wakacheleweshwa. Bunge lilimpa kiti 23 Septemba 1890 kwa kura 151 dhidi ya 1, Wademokrati wengi, wa chama cha mpinzani wake, wakiwa wametoka nje. Basi 1888 andikeni “aligombea”, 1890 “alipewa kiti”. Msiandike “mbunge mweusi wa kwanza Marekani”. Huyo ni Joseph Rainey wa South Carolina, 1870. Langston ni wa kwanza kutoka Virginia.

Upande wa elimu: mkaguzi wa shule za waliotoka utumwani, 1867; mkuu wa kitivo cha sheria, Chuo Kikuu cha Howard, 1869; mkuu wa chuo cha walimu Petersburg, 1885 hadi 1887.

Alizaliwa 1829, akafariki 1897: kwenye mstari wa miaka hiyo ni nafasi ya miaka 68. Mkitumia sentimita 2 kwa mwaka, mstari utakuwa sentimita 136, kwa hiyo unganisheni manila. 1854 na 1855 zitabanana. Moja iandikwe juu ya mstari, nyingine chini. Muda wake bungeni uliisha 3 Machi 1891. Upakeni rangi nyekundu: hautafika hata sentimita moja.