Chora Kwanza Njia ya Kurudi

"Shikamoo kaka. Bodi yangu inajizima na kuwaka upya kila ikitaka kutuma meseji. Nimeshabadilisha moduli, bado. Hivi Kariakoo wananiuzia feki?" Ujumbe umetoka kwa kijana wa Mwanza, na picha ya bodi ameambatanisha. Meseji za namna hii napata nyingi kuliko zote, na karibu kila anayeniandikia anaamini mchawi wake yuko dukani.

Mdogo wangu, waache wa Kariakoo. Tuangalie shaba yako, yaani njia za umeme ulizochora kwenye bodi.

Moduli uliyotumia ni SIM800L, ya kutuma meseji kwa mtandao wa simu, ile ile iliyotulea wengi wetu. Inataka volti 3.4 hadi 4.4. Ikiwa imetulia haili umeme wa maana, lakini ikianza kuongea na mnara huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi ya mikrosekunde 577, kama mara 217 kwa sekunde. Multimita haiwezi kukuonyesha hayo. Itakupa wastani, nawe utajiona uko salama. Njia ya umeme uliyochora, kwa kukadiria kwenye picha, ina upana wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 50 hivi. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa mikromita 35, na kila mraba wa shaba hiyo, uwe mkubwa au mdogo, una ukinzani wa karibu nusu miliomu. Hamsini gawa kwa 0.25 ni miraba 200, yaani omu 0.1. Ampea 2 zikipita hapo, volti 0.2 zinapotelea njiani. Graundi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nayo umeichora kama uzi, inazunguka nusu ya bodi kabla ya kufika kwenye betri, kwa hiyo huko unapoteza si chini ya hizo tena. Ulianza na 3.7 za betri, moduli inapata 3.3 au pungufu. Inazima, na ina haki ya kuzima.

Hili ndilo nalolisema kila siku mpaka watu wananichoka. Tukichora saketi, akili yote huwa kwenye njia ya kwenda: chanya hii hapa, mawimbi yale pale, yote yanang'aa kwenye skrini. Njia ya kurudi tunaiachia programu, ijaze shaba palipobaki nafasi, basi. Lakini umeme ni kama daladala ya Mbagala, hauishii Kariakoo. Ulichopeleka lazima kirudi, na kitapita popote kitakapopata upenyo, hata katikati ya kihisi chako.

Nina sababu ya kuwa mkali hapa. Niliwahi kuchora bodi ya mashine za kuuzia maji, zile za kugusisha kadi ndoo ijae. Pampu, vali, kihisi cha mtiririko kinachohesabu mapigo, na bodi yangu katikati. Kwenye mchoro wangu pampu ilikuwa na waya wake wa graundi, mnene, unaokwenda moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme, na kihisi kilikuwa na wake. Mwenye kazi akaona waya ni gharama. Akaagiza vyote viunganishwe kwenye waya mmoja mwembamba. Nikasema, nikaandika na barua pepe. Nikaambiwa mafundi wa Bongo tunapenda kukuza mambo.

Unajua kilichotokea. Pampu ikiwaka, ampea zake zinarudi kwenye waya ule ule wa kihisi, graundi ya kihisi inaruka, bodi inahesabu mapigo ambayo hayakutoka kwenye maji. Mama anakatwa pesa ya ndoo nzima, ndoo iko nusu. Kikao kikaitishwa. Mtaalamu mmoja wa kuletwa akaishika bodi yangu kwa vidole viwili, akasema hii ni ya kufundishia wanafunzi. Wote wakacheka. Sijasahau nani alicheka zaidi.

Niliomba osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyoruka, nikaiweka kwenye graundi ya kihisi mbele yao, nikawasha pampu. Kicheko kilikwisha. Kazi hata hivyo wakampa mwingine. Mwezi huu bodi yangu mpya, yenye mpangilio ule ule walioukataa, imewashwa kwa mteja wa Bagamoyo na hesabu yake inalingana na ndoo. Fundi wao wa zamani amenipigia kuulizia bei. Nimempa bei.

Sasa wewe uliyeko nyumbani na kompyuta yako, sikiliza. Acha kunakili michoro ya YouTube bila kujiuliza umeme unarudi wapi. Umeme wa mfululizo hutafuta ukinzani mdogo, hivyo husambaa kwenye shaba yote uliyoipa. Masafa yakipanda hadi mamia ya kilohezi na zaidi, unafuata mkondo mwingine kabisa: unarudi chini kwa chini, ukikanyaga palepale ilipopita njia yake ya kwenda. Ukiikata shaba ya chini ili upitishe kinjia chako cha haraka, umeulazimisha uzunguke, na huo mzunguko ni antena. Halafu unashangaa redio ya jirani inakoroma.

Kapasita, kile kifaa cha kuweka akiba ya umeme, ya nanofaradi 100 ikae kando ya pini ya chipu, sawa, hilo kila mtu amelikariri. Wangapi wanaangalia upande wake wa pili? Tundu la kushuka graundi liwe palepale, lisiwe sentimita mbili mbele. SIM800L iongezee kapasita kubwa zenye ukinzani mdogo wa ndani mlangoni mwake. Ile ya mikrofaradi 1000 uliyoiweka kule kwenye soketi ya umeme, kabla ya ule uzi wako, haimsaidii mtu. Ukitumia LM2596, chipu ya kushusha volti inayokata umeme mara 150,000 kwa sekunde, basi kapasita ya kuingilia, chipu na dayodi vibanane, graundi zao zikutane kwa njia fupi na nene. Njia ya kupima volti za kutokea iwe mbali na koili. Narudia yale yale kwa sababu ni yale yale.

Kwenye ESP32, moduli yenye Wi-Fi na antena yake, ndipo graundi inatakiwa iondoke: chini ya antena pasiwe na shaba hata chembe, na antena itokeze ukingoni mwa bodi. Kwenye relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya volti 230, mimi huacha milimita 6 au zaidi kati ya umeme wa ukutani na ule mdogo, na huchonga ufa kabisa, maana chumvi na unyevu wa pwani vikitulia kwenye bodi hujenga daraja. Na kabla hujaagiza China, chapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, uweke relei na soketi ulizonunua juu yake. Miguu ya relei hailingani kutoka duka hadi duka.

Programu isiwe kisingizio. KiCad ya kuchorea bodi ni ya bure, Jean-Pierre Charras aliianza 1992 kule Ufaransa na CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia, wakaja kuichangia. Unayetumia programu ya wizi kwa kazi ya kuuza, sina neno nawe leo.

Kijana wa Mwanza aliuliza pia kama ahamie bodi ya tabaka nne za shaba. Kwa bodi hii, hapana. Vifaa na njia vikae juu, chini pawe graundi, na njia ikilazimika kuvuka chini iwe fupi. Siku ukiweka Ethaneti, au kumbukumbu ya nje ya kasi, nenda nne bila kubishana na mteja. Na nitumie faili za Gerber, zile anazopelekewa mtengeneza bodi, tafadhali. Ile picha ya skrini uliyopiga kwa simu nimeisoma kwa kukodoa.