Gemu Mpya, Kompyuta Ileile: Itakubali?

Kila gemu nzito inapotoka, maswali yanayotufikia hufanana: mahitaji yameandikwa, kompyuta iko nyumbani, na msomaji hajui kama viwili hivyo vinapatana. Majibu ya safari hii yanahusu kompyuta zenye Windows 10 au 11.

Stika ya mbele ya kompyuta yangu imefutika. Nitajuaje ndani kuna nini?

Hata isiyofutika si ya kuitegemea, maana hutaja familia ya prosesa tu, na Core i5 ya 2012 haikaribiani kabisa na ya 2022. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha ingia Performance. Andika pembeni mambo matano: jina la prosesa pamoja na namba zake zote, kiasi cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kama diski ni SSD (ya haraka) au HDD (ya kizamani, inayozunguka), jina la kadi ya grafiki, ambayo hapo inaitwa GPU, na kiasi kilichoandikwa Dedicated GPU memory.

Hilo la tano ndilo linalowapoteza wengi. Karibu nalo pameandikwa Shared GPU memory, na hiyo si kumbukumbu ya kadi hata kidogo. Ni RAM ya kawaida ambayo Windows inairuhusu kadi kuiazima, kwa kawaida hadi nusu ya RAM yote. Mwenye RAM ya GB 16 huona karibu GB 8 pale akadhani ana kadi ya GB 8. Dedicated ikisoma MB 128, grafiki yako imo ndani ya prosesa, na gemu inayodai kadi ya GB 6 usiitarajie. Programu ya dxdiag, inayokuja na Windows na kuonyesha taarifa za kompyuta, nayo huzijumlisha namba hizo mbili, kwa hiyo jumla yake usiitumie kulinganisha.

Ikiwa GPU haionekani kabisa, mara nyingi draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, haijawekwa au ni ya kale. Weka ya mtengenezaji wa kadi kwanza, ndipo upime.

Nimetimiza kiwango cha chini chote. Ninunue?

Soma kwanza maandishi madogo ya mtengenezaji wa gemu. Kiwango cha chini mara nyingi humaanisha picha ya 1080p, mipangilio yote ikiwa Low, na fremu 30 kwa sekunde. Watengenezaji makini huandika hivyo waziwazi. Wengine hukaa kimya, na hapo ni busara kudhani hali ni hiyohiyo.

Resolusheni, yaani wingi wa pikseli za picha, ndiyo inayobadilisha hesabu kuliko kitu kingine. Skrini ya 1080p ina pikseli milioni 2 na ushei. Ya 4K ina milioni 8.3, yaani mara nne. Kadi inayokimbia vizuri kwenye ya kwanza itasuasua kwenye ya pili, na hakuna RAM ya kuongeza itakayoiokoa.

Angalia pia kama wametaja DLSS, FSR au XeSS. Hizi huchora picha ndogo kisha huikuza. Kwa DLSS au FSR ikiwa Quality, picha yako ya 1080p huwa imechorwa kwa 1280 kwa 720; ukishuka hadi Performance, ni 960 kwa 540, na nywele na majani huanza kumeremeta ovyo. Kama kiwango cha chini tayari kimehesabu msaada huo, basi huna akiba yoyote iliyobaki ukikwama. Na wakitaja fremu za kubuniwa, yaani Frame Generation, usizihesabu. Zinapendeza pale gemu inapofikia fremu 60 kwa nguvu zake yenyewe. Kutoka 30, jicho litaona ulaini lakini mkono utahisi kipanya kizito.

Kwa maoni yetu, kiwango cha chini kisome kama ahadi ya kufunguka tu. Raha ya kucheza iko kwenye kile kilichopendekezwa.

Wanataka kadi ya RTX 2060. Mimi nina GTX 1080 Ti. Iko juu au chini?

Kwa nguvu za kawaida iko juu: ina kasi zaidi na kumbukumbu ya GB 11 dhidi ya 6. Lakini ni ya 2017, na haina sehemu maalumu za kukokotoa miale ya mwanga, yaani ray tracing. Zamani hilo lilikuwa pambo la kuzima ukitaka. Sasa zipo gemu zisizowaka bila sehemu hizo, mfano Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na DOOM: The Dark Ages ya 2025. Kwa hizo kadi yako imekwama mlangoni, japo ina misuli.

Kuhakiki, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika dxdiag, fungua Display, kisha tazama mstari wa Feature Levels. Ukiona 12_2, kadi inabeba seti nzima ya DirectX 12 Ultimate (mfumo wa Windows wa kuchora gemu), na ray tracing imo. Ikiishia 12_1, haimo.

Kuhusu majina: tarakimu za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni daraja. Kizazi kipya cha daraja la chini si lazima kimshinde mkubwa wa kizazi kilichopita. RTX 2060 kwa kawaida inaipita RTX 3050. Wenye laptopu wawe macho zaidi. RTX 3060 ya laptopu ina GB 6, wakati ya kompyuta ya mezani iliyozoeleka ina GB 12. Tena RTX 4060 ya laptopu moja inaweza kupewa wati 35 na ya nyingine wati 115, jina likiwa lilelile, kwa hiyo tafuta idadi ya wati kwenye maelezo ya modeli yako hasa.

Nina RAM GB 8, gemu inataka 16. Nikiongeza virtual memory itasaidia?

Itasaidia gemu isijifunge ghafla, basi. Data iliyokosa nafasi kwenye RAM itapelekwa kwenye diski, na kila ikihitajika picha itaganda kidogo.

Ongeza RAM halisi, ni kazi ya bisibisi moja. Fungua tena Task Manager upande wa Memory: Slots used inaonyesha nafasi zilizotumika, na Form factor inasema SODIMM kwa vipande vya laptopu au DIMM kwa vya kompyuta ya mezani. DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la kwenye meno liko mahali tofauti, usilazimishe. Kwenye baadhi ya laptopu RAM imechomelewa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na hapo hakuna cha kuongeza.

Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa husoma kupitia njia mbili kwa wakati mmoja. Wenye grafiki ya ndani ya prosesa ndio watakaoona tofauti kubwa, maana RAM hiyo ndiyo kumbukumbu ya kadi yao. Tazama na Speed. Umenunua vipande vya 3200 lakini pameandikwa 2133 au 2400? Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Kwenye madabodi nyingi za AMD za DDR5 inaitwa EXPO.

SSD yangu ni ndogo. Naweza kuiweka gemu kwenye diski ya kawaida, yaani HDD?

Gemu ikisema SSD inahitajika, ichukulie kwa uzito. Starfield na Baldur's Gate 3, zote za 2023, zinataka SSD, ya kwanza ikiwa na GB 125 na ya pili GB 150. Ukiiweka kwenye HDD, kuta zitabaki na ukungu kwa sekunde kadhaa, sauti itatangulia midomo, na kila mlango mpya utagandisha picha. SSD ya nje inafaa ikichomekwa kwenye USB 3. Kwenye USB 2 ni kujitesa. Na usinunue nafasi ya kulingana kabisa, kwa sababu sasisho kubwa huhitaji pa kufungulia mafaili kabla ya kufuta yale ya zamani.

Kompyuta ina nguvu za kutosha, lakini gemu inakataa kufunguka ikidai Secure Boot. Ni nini?

Secure Boot ni ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kompyuta inapowaka, na kuwashwa kwake ni sharti la mfumo wa gemu wa kuzuia wadanganyifu. Battlefield 6 ya 2025 inalidai, na Valorant kwenye Windows 11 inadai hilo pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta. Si suala la nguvu, na ndiyo maana tovuti za kupima kompyuta mara nyingi hulipita kimya.

Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, usome mistari miwili: BIOS Mode na Secure Boot State. Ikiwa ya kwanza ni UEFI, yaani mfumo mpya wa kuwasha kompyuta, na ya pili ni Off, kwa kawaida inatosha kuingia BIOS na kuiwasha. Ikiwa ya kwanza ni Legacy, yaani mfumo wa zamani, simama hapohapo. Diski ya Windows huenda imepangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani wa diski, na ukibadilisha BIOS kwenda UEFI bila kuigeuza diski iwe ya mpangilio mpya wa GPT, Windows haitawaka.

Utaratibu salama ni huu. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine. Kama BitLocker, yaani kufuli la siri la diski, imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha nje ya kompyuta hiyo na usitishe BitLocker kwa muda. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia amri ukiweka /convert mahali pa /validate. Ndipo uwashe upya, uingie BIOS, uzime CSM (sehemu inayoiga mfumo wa zamani), uchague UEFI, na mwisho uwashe Secure Boot. Ikikataa kwenye hatua ya kwanza, mara nyingi diski ina sehemu nyingi kupita kiasi: isizidi tatu za msingi, na isiwe na sehemu ya aina ya extended. Kadi ya grafiki ya kale sana isiyoelewa UEFI inaweza kukuachia skrini nyeusi CSM ikizimwa.

Kompyuta yangu inazidi kilichopendekezwa lakini napata fremu 20. Kwa nini?

Anza nyuma ya boksi. Kebo ya skrini ikichomekwa kwenye madabodi, picha inaweza kuchorwa na grafiki dhaifu ya prosesa huku kadi ya maana imelala. Ihamishie kwenye kadi. Kwa laptopu, ingia Settings, System, Display, Graphics, chagua gemu na uweke High performance. Na chomeka chaja, kwa sababu betri peke yake huishushia kadi umeme.

Kisha cheza dakika kumi huku Task Manager ikiwa wazi. GPU ikikaa 95 hadi 99, kadi imefika mwisho, kwa hiyo punguza resolusheni na vivuli. Ikikaa 50 na fremu bado ni chache, mtuhumiwa ni prosesa, hata kama inaonyesha asilimia 30 tu. Bofya grafu yake kwa kitufe cha kulia na uchague Logical processors. Utakuta kiini kimoja kimejaa hadi juu. Kupunguza resolusheni hapo hakutasaidia. Punguza umati wa watu na umbali wa kuona. Dedicated GPU memory ikijaa pomoni, shusha Textures, yaani ubora wa michoro ya nyuso za vitu, hatua moja.

Fremu zikianza vizuri kisha zikaporomoka baada ya muda, pima joto. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100. Vumbi kwenye feni ndilo la kwanza kulitazama.

Nikiamua kubadilisha kadi tu, umeme utatosha?

Soma wati kwenye lebo ya pawa saplai. RTX 4060 inatumia wati 115 na Nvidia inashauri pawa saplai ya 550. RTX 4070 inatumia 200, ushauri ni 650. Hesabu na plagi pia: nafasi ya madabodi hutoa wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kompyuta ndogo za ofisini mara nyingi hazina plagi ya ziada, na hapo kadi kama RTX 3050 ya GB 6, yenye wati 70, ndiyo inayoweza kuingia. Pima urefu ndani ya boksi kwa rula kabla ya kulipa.

Kuna njia ya kujaribu bila kupoteza pesa?

Ipo. Black Myth: Wukong na Monster Hunter Wilds zina programu za majaribio za bure kwenye Steam zinazokupa wastani wa fremu kwa kompyuta yako mwenyewe. Kwa gemu isiyo na jaribio, Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Gemu nyingi hutayarisha sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha, mara ya kwanza zinapofunguliwa, na dakika hizo nazo zinahesabiwa kama za kucheza. Basi ukiingia, ruka hadithi, nenda moja kwa moja mahali penye watu wengi au vita vikubwa, upime huko.