Filamu ya mapanki na samaki wa kupima kwa rula

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kuna filamu ya makala iliyowahi kubadilisha namna msomaji anavyonunua vitu au anavyowahoji viongozi wake. Kwangu ipo, na ilipigwa hapa hapa Mwanza. Jina lake ni Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka mwaka 2004. Ukilitaja jina hilo mtaani kwetu watu watakukodolea macho. Sema "filamu ya mapanki" uone, kila mtu wa rika langu ana lake la kusema.

Kwa asiyeyajua mapanki: sangara akifika kiwandani huchunwa minofu, ubavu huu na ubavu ule. Minofu inapozwa, inafungwa, inapanda ndege kwenda Ulaya. Kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, ndiyo panki. Wenzetu wa Kisumu huita mgongo wazi. Wachuuzi huyanunua, huyakaanga au huyakausha, na watu wanakula. Mimi mwenyewe kichwa cha sangara mkubwa kwenye mchuzi uliokolea nyanya na ndimu sikikatai. Ila kwenye filamu hukionei hamu. Unaona mapanki yametundikwa juani, yamejaa funza, kina mama wanafanya kazi kwenye tope na harufu inayowaumiza macho. Kisha kamera inakwenda uwanja wa ndege, kwenye Ilyushin za mizigo na marubani wake, na swali linarudi tena na tena: ndege hizi zinapokuja, zinakuja na nini? Filamu inadokeza silaha za vita vya Afrika.

Mwaka 2006 filamu ilikuwa miongoni mwa zilizowania Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani kwamba inaichafua nchi. Mji ulichemka. Huku wanasema Mzungu katutukana, kule wanasema kasema kweli, na wengi wa waliokuwa wakibishana hawajaiona hata dakika moja. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kizima cha kuipinga. Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa haki Sauper. Mimi niliiona baadaye sana, kwa diski ya kuazima.

Kama sinema, sina ugomvi nayo. Picha zake hazikutoki kichwani. Tatizo langu ni mtazamaji anayelengwa. Mtu wa Paris akimaliza kuitazama anabaki na jambo moja tu la kufanya: asinunue tena minofu ya sangara. Na hilo sisi tulishalionja kabla ya filamu. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa bakteria wa salmonela, mara kwa kipindupindu, mara ya mwisho kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Waliolala njaa kwanza hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa wavuvi waliokuwa na deni la nyavu na mafuta, vibarua wa kuchuna minofu, na kina mama wa mapanki wenyewe, maana kiwanda kikisimama hakuna panki.

Lakini kufungwa huko kulileta na jambo jingine, na hili ndilo ambalo natamani filamu ingelikalia kitako. Mialo iliyoteuliwa kupokea samaki wa viwandani ilijengwa sakafu, ikapata maji safi, barafu na wakaguzi. Maabara zikaanza kupima. Kumbe mlaji wa mbali akibana, mwalo unabadilika! Ila nenda ukatazame upande wa dagaa. Dagaa kwa uzito ndio wanaovuliwa kwa wingi zaidi ziwani siku hizi, ndio kitoweo cha kaya nyingi kuanzia huku hadi Kongo, na sehemu kubwa bado wanaanikwa chini kwenye mchanga. Mvua ikinyesha wanaoza. Isiponyesha, unawaosha mara tatu na bado meno yanakutana na mchanga. Sangara wa Mzungu ana barafu, dagaa wa kwetu ana jua na kuku wanaopita juu yake. Swali la kwa nini iwe hivyo sikulipata kwenye filamu kwa sababu halimo. Nililipata kwa kuigombeza filamu, na tangu hapo kila mkutano wa mtaa ninaobahatika kuhudhuria nauliza: chanja za kuanikia dagaa zipo kwenye bajeti ya mwaka huu au hazipo? Mwenyekiti wetu ameshanizoea, nikinyoosha mkono anacheka kwanza.

Sasa linganisheni na makala ya mbolea iliyotolewa Kenya mwezi Machi 2024 na Africa Uncensored, shirika la wanahabari wapekuzi, kina John-Allan Namu. Wale walionyesha mifuko ya mbolea ya ruzuku ambayo ndani yake hamkuwa na mbolea ya maana, ilhali mkulima alishapanga foleni, akalipa, akapanda, na masika yalikuwa yanaingia. Mtazamaji wa makala hiyo ndiye mwenye mfuko nyumbani. Hakuhitaji kumwonea mtu huruma. Alitoka nje akautazama mfuko wake. Mwezi Mei Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati ya wabunge 11 ikamsafisha. Julai Rais Ruto alipovunja karibu baraza zima la mawaziri kufuatia maandamano ya vijana naye akaondoka, ingawa sababu ya hapo ilikuwa kubwa kuliko mbolea. Sisemi makala ilishinda. Nasema iliwafikia wenye shamba msimu wa kupanda haujapita, na mkulima alijua cha kuuliza akifika ghalani.

Lugha nayo ina nafasi yake. Jicho Pevu, kipindi cha upekuzi cha mwanahabari Mohammed Ali kwenye televisheni ya KTN ya Kenya, kilikuwa kwa Kiswahili, na nadhani ndiyo maana kilizungumzwa vibandani na kwenye matatu, si maofisini peke yake. Wananchi wa Nyali, Mombasa, walimpeleka Bungeni mwaka 2017. Kama mpekuzi anatufaa zaidi akiwa nje ya Bunge au ndani, hilo ni la swali lenu la wiki nyingine.

Niseme na upande wa kununua, maana mmeuliza. Sheria yetu inakataza sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya 50. Mwaka 2018 maofisa wa uvuvi waliingia kwenye mgahawa wa Bunge kule Dodoma wakiwa na rula, wakapima samaki waliopikwa. Wabunge walifoka, nchi nzima ikacheka. Nilicheka na mimi, kisha nikaona kwamba ndicho kitendo ambacho hakuna filamu iliyowahi kunionyesha: samaki, rula, na mtu mwenye cheo akiwa ndiye mlaji. Ile operesheni ya kuchoma nyavu haramu ilimkuta mvuvi peke yake ziwani. Mimi ninayenunua vile visangara vya kiganja kwa sababu ni rahisi, hakuna aliyeniuliza kitu. Siku hizi nampima kwa mkono. Shibiri yangu naijua ni sentimita ngapi. Muuzaji wangu pale Mwaloni Kirumba alininunia mwanzoni. "Dada, wewe ni bwana samaki?" Sasa ananiwekea wakubwa pembeni na bei anapandisha, tunapatana humo humo.

Basi nikipewa nafasi ya kumwomba mtengeneza filamu jambo, namwomba huyu atakayekuja Mwanza safari ijayo. Aanze na dagaa. Afuate gunia moja kutoka mchangani hadi sokoni, atuonyeshe nani anapata shilingi ngapi njiani na nani anakagua. Aseme kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma akiweza. Na kabla hajaipeleka kwenye matamasha ya Ulaya, atundike shuka jeupe pale Mwaloni jioni moja, aionyeshe, halafu akae pale pale ajibu maswali. Kina mama wa dagaa wana maswali mengi, na hawaharakishi kulala kama kuna la kubishania.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza