Ukiwafungia marafiki ndani ya hadithi, usitegemee kufuli

Mswada wangu wa kwanza wa hadithi ya marafiki waliofungiwa mahali pamoja ulikuwa na watu watano, nyumba mlimani, daraja lililosombwa na mafuriko na maiti moja stoo. Nilitaka uchekeshe na utishe kwa pamoja. Miezi mitatu nilihangaika na mtego tu: nikakata mtandao wa simu, nikamaliza mafuta ya gari, nikatia nondo madirishani. Siku waigizaji walipoketi kuusoma kwa sauti, tulifika ukurasa wa 20 bila mtu kucheka wala kushtuka. Mmoja alikuwa akizipima kwa kidole gumba kurasa zilizobaki.

Walikuwa na haki. Wale watano hawakuwa na lolote la kuwaweka pamoja zaidi ya nondo zangu. Ungewabadilisha na abiria watano wasiojuana, hadithi ingebaki vilevile.

Kwa hiyo, kabla hujafunga mlango, jiulize: ukiachwa wazi, nani atabaki, na kwa nini? Tamthilia ya Jean-Paul Sartre, Huis clos, iliyoigizwa Paris mwaka 1944, ina jibu ambalo huwa nalirudia kila ninapokwama. Watu watatu wamefungiwa chumbani na wanatesana. Garcin anaugonga mlango akitaka kutoka, mlango unafunguka ghafla, na hatoki. Bado anataka Inès, mmoja wa wenzake wawili, akiri kwamba Garcin si mwoga. Angalia walivyo: hata si marafiki, wamekutana humo humo. Sasa fikiria watu waliojuana miaka 15, wanaojua nani aliiba mchango wa nani, nani alimpenda mchumba wa nani, nani alinyamaza siku aliyotakiwa kusema.

Wanayojuana ndiyo kufuli lako. Na ndiyo kichekesho chako pia. Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na naona wengi wanakosea: tunaandika tukio la kutisha, kisha tunamtafuta mhusika mchangamfu aje kutupia utani. Utani wa namna hiyo unaivunja taharuki. Hadhira inapumua, na ikishapumua, utafanya kazi kubwa kuirudisha ulipokuwa umeifikisha.

Katika rasimu ya tatu niliandika hivi. Mmoja wao yuko magotini, anafuta damu sakafuni kwa fulana. Rafiki yake amesimama na tochi. Tochi inatua kwenye fulana, inabaki hapo. "Si ndiyo niliyokupa zawadi?" "Ipi?" "Hiyo. Uliniambia imepotea." "Ilikuwa imepotea." "Ina lebo ya bei bado." Wanagombana kurasa mbili juu ya fulana, na maiti iko katikati yao. Waigizaji waliangua kicheko. Kisha aliyesoma nafasi ya mwenye tochi akanyamaza, akasema taratibu, "Kumbe huyu ananidanganya siku zote na sijawahi kumshtukia." Chumba kizima kikatulia. Kicheko na hofu vilikuwa vimetoka mahali pamoja, na tangu siku hiyo sijaandika utani ambao haufichui kitu.

Jambo la pili ni nani ajue nini. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwongozaji mwenzake François Truffaut, alitoa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila hadhira kujua, unapata sekunde 15 za mshtuko, hadhira ikijua lipo, unapata dakika 15 za taharuki. Katika filamu yake Rope ya mwaka 1948, vijana wawili wanamnyonga rafiki yao, wanamficha ndani ya kasha, wanapanga chakula juu yake na kuwakaribisha wageni, baba wa marehemu akiwemo. Sisi tunajua tangu mwanzo. Kuna mahali kamera inabaki na mtumishi anayeondoa vyombo juu ya lile kasha, anakwenda na kurudi, huku wengine wakiendelea kuzungumza. Ni kuondoa vyombo tu, na huwezi kupepesa macho. Ukiwa na siri nzuri, wape watazamaji mapema, uwanyime wahusika.

Mengine ni ya kawaida: chora ramani ya nyumba, ujue ufunguo uko mfuko wa nani. Watu watano wanatosha; wakiwa wanane utasahau mmoja, na hadhira pia itamsahau.

Lakini hili nalishikilia kwa moyo wote: lazima awepo anayemlilia marehemu. Maiti ikigeuzwa fanicha, vicheko vyote vinakuwa vya bure, na msomaji hatajali nani anafuata.

Kwa sababu hiyo niliurudisha mtandao. Sasa wanaweza kuomba msaada wakati wowote, na kila mmoja ana sababu yake ya kutopiga. Usiku wa manane simu ya marehemu inaita stoo. Wanasogea wote watano. Kwenye kioo kimeandikwa "Mama". Mmoja anaifunika kwa mto. Inakatika, inaanza tena, na mto unatetemeka kidogo kidogo. Binti aliyekuwa akiwafanya wacheke tangu ukurasa wa kwanza anakaa sakafuni kando ya mto ule, anauwekea mkono juu, na haondoki mpaka simu inaishiwa chaji.