Kabla ya kukariri fomula ya nusu maisha, rusha sarafu

Nikiwa kidato cha sita nilikuwa nimeikariri yote fomula ya nusu maisha, yaani muda ambao nusu ya atomu za elementi nururifu (ambayo viini vyake huvunjika vyenyewe) huvunjika, lakini nilipoulizwa gramu 80 za elementi nururifu zitabaki ngapi baada ya nusu maisha mbili, nilijibu kwamba hazitabaki kabisa, kwa kuwa nilidhani nusu mbili hufanya kizima. Jibu ni gramu 20. Leo wanafunzi ninaowafundisha tuisheni huniletea kosa lile lile, ndiyo maana siku hizi sianzi mada hii ubaoni.

Azima dukani sarafu 64 za shilingi 100, zitikise ndani ya sufuria, zimwage mezani, kisha ondoa zote zilizoonyesha sura ya Mwalimu Nyerere na uandike idadi ya zilizobaki. Rudia mpaka ziishe; kila mrusho ni kama nusu maisha moja, na sarafu iliyoondolewa ni kama kiini cha atomu kilichovunjika. Mara ya mwisho tulibakiwa na 35, kisha 16, kisha 9, na sarafu moja ilivuka mirusho minane. Mwanafunzi mmoja akasema sasa lazima itoke, imekaa mno. Hapo ndipo penye somo lenyewe: sarafu haichoki, na kiini cha atomu hakizeeki. Kiini kilichodumu miaka milioni kina uwezekano ule ule wa kuvunjika leo kama kilichoundwa jana, na hakuna awezaye kukitaja kitakachofuata. Ni wingi wao tu unaotupa mpangilio tunaoweza kuupigia hesabu.

Ukishalielewa hilo, fanya hesabu ya jambo la kweli. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika bonde la Oldupai, na mwaka 1961 majivu ya volkano ya pale yakapimwa na kupewa umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Kwa nini haikutumika kaboni-14, aina nururifu ya kaboni, ambayo kila mwanafunzi huitaja kwanza? Nusu maisha yake ni miaka 5,730. Ukianza na gramu 14 za kaboni-14 tupu, zigawe kwa mbili mara 79 na utabaki na takriban atomu moja, nayo ni miaka 453,000 tu. Kufika umri wa fuvu lile kunahitaji kugawa zaidi ya mara 300. Ninawasihi wanafunzi waifanye hesabu hii kwa mkono.

Kilichotumika ni potasiamu-40, aina nururifu ya potasiamu iliyomo kwenye majivu hayo, yenye nusu maisha ya miaka bilioni 1.25, ambayo sehemu yake hugeuka argoni-40. Argoni ni gesi, kwa hiyo hutoroka mwamba ukiwa bado umeyeyuka, lakini fuwele zikishaganda kila atomu mpya ya argoni hunaswa humo, na mpimaji anayeiachilia kwa joto maabara anahesabu muda uliopita tangu volkano ilipolipuka.